Kumbukumbu ya Kompyuta na Dakika za Mgonjwa

Mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa hospitalini, kila dakika ina thamani. Makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kuwa mshipa mkubwa wa damu unapoziba, ubongo hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kwa dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya picha, kama ile ya CT-Scan, kuthibitisha kuwa ubongo hauvuji damu. Picha hiyo husomwa kwenye kompyuta. Kompyuta ikisuasua, matibabu nayo husubiri.

Mara nyingi lawama hutupiwa mtandao. Hata hivyo, chanzo huweza kuwa kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo mafundi huiita RAM.

Meza na masjala

Mafaili ya wagonjwa wanaohudumiwa huwekwa mezani pa daktari. Mengine hukaa masjala. RAM ni meza, diski ni masjala. Meza ikijaa, kila faili jipya humlazimu karani kurudisha jingine. Kompyuta nayo, RAM ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. RAM hujibu ndani ya takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Diski ya SSD ni afadhali, lakini bado iko nyuma sana ya RAM.

Ukubwa kwanza, kasi baadaye

Kipande kimoja cha picha ya CT-Scan kwa kawaida huwa na vitone 512 kwa 512, kila kitone kikichukua baiti 2. Jumla ni karibu nusu megabaiti. Uchunguzi wenye vipande 1,000 hufikia takriban MB 500, na ukilinganishwa na wa awali, GB 1. Kompyuta yenye RAM ya GB 4, ambayo sehemu kubwa imeshachukuliwa na mfumo endeshi na programu nyingine, hulazimika kukimbilia diski.

Kasi hupimwa kwa wingi wa data inayopita kwa sekunde. Kadi moja ya DDR4-3200 hupitisha hadi GB 25.6, kadi mbili zikifanya kazi sambamba hufikia GB 51.2. Ndiyo maana kadi mbili za GB 8 huweza kushinda moja ya GB 16. Lakini kasi haiisaidii meza iliyojaa, wala meza kubwa kupita mahitaji haiharakishi kazi.

Ushauri

Kabla ya kununua, mtumishi afungue orodha ya matumizi ya kompyuta wakati inaposuasua. RAM ikiwa imekaribia kujaa huku diski ikihangaika, iongezwe. Ikiwa ina nafasi, fundi achunguze mtandao, prosesa au virusi. Aina nayo izingatiwe, kwa kuwa DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Tena RAM hupoteza yote umeme unapokatika. Kazi ihifadhiwe mara kwa mara.

Kwa mgonjwa na ndugu zake, jambo moja halingoji fundi: mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hospitali iendewe mara moja. Hakuna kompyuta inayorudisha dakika zilizopotea nyumbani.