Anayosema Mtoto: Tucheke, Lakini Tusikilize



Mwezi huu tunaanza na maneno ya watoto wadogo, yale yanayotuchekesha jioni tukisubiri chakula kiive. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuwasimulia majirani aliyosema mwanawe?

Wakati fulani tulikwenda kupumzika kwa jamaa zetu Kiegeani, kisiwani Mafia. Nyumbani humo alikuwamo mvulana wa miaka minne. Asubuhi moja alimkuta bibi yake ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alitazama sana, kisha akauliza: "Bibi, mbuzi huyu kila siku anakula nazi, mbona hanenepi?"

Kesho yake alifuatana na baba yake pwani, maji yamekupwa. Alipoona mchanga mtupu hadi mbali, alisema: "Baba, nani amekunywa bahari yote?"

Kisha mjomba wake akampakia mashuani kumwona papa potwe, ambaye huonekana sana upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na mgongo wake umejaa madoa meupe. Watu wazima walistaajabia ukubwa wake. Mtoto alirudi nyumbani ana huzuni. "Bibi Nesi," alituambia, "potwe ana surua. Mama yake hakumpeleka kliniki."

Kwa nini watoto husema hivyo?

Mtoto hasemi upuuzi. Ana maneno machache, naye anaona mambo mengi. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliandika mwaka 1926 jinsi watoto wadogo wanavyodhani kwamba jua, mwezi na upepo vina uhai kama wao. Mtoto wetu alijua mbuzi ni mnyama, ila hakujua kwamba neno moja laweza kuwa na maana mbili. Alijua mtu mwenye madoa mwilini hupelekwa kwa nesi. Fikira zake zilikuwa na mpango. Kilichopungua ni maneno tu.

Bahari ndani ya sikio

Siku ya nne alikuja tukiwa ukumbini, ameshika sikio. "Bibi, bahari imeingia humu. Inavuma, haitoki." Tulicheka sote. Mjomba wake akasema huyu atakuwa nahodha. Hata sisi, wenye miaka mingi wodini, tulicheka na kumwambia aache kuogelea sana. Usiku alilia kidogo, tukadhani ni ndoto.

Baada ya siku mbili mwili ulikuwa wa moto, na mto aliolalia ulikuwa na usaha. Hapo ndipo tulipoelewa. Mtoto alikuwa ametueleza ugonjwa wake vizuri kabisa: sikio linavuma, kitu kimejaa ndani, hakitoki. Alisema mapema, tena kwa nesi, na nesi alicheka. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu laweza kumpunguzia mtoto usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kusema na hupata shida shuleni.

Tulimpeleka hospitali siku ileile. Alipewa dawa ya kuua vijidudu, na mama yake akafundishwa kukausha sikio. Husokotwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi, huingizwa taratibu sikioni, hutolewa kikilowa, huwekwa kingine hadi sikio likauke. Hufanywa hivyo mara tatu kwa siku.

Misemo ya kutazamwa

Katika kazi yetu tumesikia mingi. Hii ni baadhi:

"Mkojo una pilipili." Huenda njia ya mkojo ina ugonjwa. Apimwe.

"Kifua changu kina paka." Sikiliza anavyopumua. Akipumua haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje asubuhi.

"Mbona mmezima jua mapema?" Mtoto anayejikwaa jioni wakati wenzake bado wanaona huenda amepungukiwa vitamini A. Apelekwe kituo cha afya. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita.

"Tuna mchezo, lakini nimeambiwa nisiseme." Hapa usicheke wala usifoke. Mkalishe karibu, msikilize hadi mwisho, umwamini, kisha utafute msaada haraka.

Tufanye nini nyumbani?

1. Cheka pamoja na mtoto, usimcheke. Mtoto anayechekwa kila anaposema hujifunza kunyamaza.

2. Baada ya kucheka uliza swali moja: "Nionyeshe wapi." Kidole cha mtoto husema kuliko mdomo wake.

3. Akirudia neno lilelile mara mbili au tatu, liache kuwa kichekesho. Mtazame, mguse uone kama ana homa.

4. Usitie sikioni mafuta, tui, maziwa wala njiti. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni hatari. Nenda hospitali mara moja.

5. Mwambie mganga maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Usione haya. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa kutibu watoto wagonjwa, ambao Tanzania ilianza kuutumia mwaka 1996, unamtaka mhudumu amwulize mama kama mtoto ana tatizo la sikio. Mara nyingi mtoto mwenyewe ameshajibu nyumbani.

6. Na kuhusu ile surua ya potwe, usisahau kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9, na tena katika miezi 18.

Siku ya kuondoka Kiegeani tulimwita yule mvulana tumtazame. Sikio lilikuwa kavu, homa imekwisha. Tukamwuliza, "Baba, bahari yako iko wapi?" Aliinamisha kichwa, akasikiliza kidogo.

"Bibi Nesi," akasema, "maji yamekupwa."

Safari hiyo tulicheka naye. Tuwatakie nyote afya njema, hadi mwezi ujao.