Nilitaka kuhama kimya kimya, wana-upatu wakanikalia mbele ya gari!

MPENZI msomaji, kuna mambo mawili yanayomvua mtu nguo hadharani: ulevi na kuhama nyumba. Ulevi unaweza kuukana kesho yake. Kuhama huwezi, maana vitu vyako vyote vimemwagwa uwanjani na mtaa mzima unavihesabu. Godoro lililobonyea katikati, sufuria isiyo na mkono, na ile ndoo ya jirani uliyoazima mwaka juzi ukasema imepotea.

Mimi yalinikuta Agosti 2019. Nilikuwa naishi Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, nikishona nguo kibarazani jirani na soko. Mume wangu alikuwa Geita kwenye gereji, mwaka wa pili sasa. Mnaoishi mbali na wenzenu mnaelewa. Simu za kila siku zinageuka za kila wiki, halafu zinakuwa za kuombana vocha tu. Siku aliyoniambia amepata chumba na sebule, nikasema hapa hapa. Ama nahama mimi mwezi huu, ama ndoa itahama yenyewe.

DAFTARI KWANZA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikanunua daftari la kurasa arobaini, nikalichora mistari: cha kwenda, cha kuuza, cha kugawa. Nawaambia kweli, hakuna kazi ngumu kama kuamua. Kabati la mninga lilikuwa zito kama deni, lakini lilikuwa zawadi ya harusi, likaenda. Meza mbovu na viti viwili nikaviuza. Kinu nikakigawa, mchi nikausahau ukaenda Geita peke yake. Mpaka leo tunautumia kufungia mlango.

Kisha nauli ya mzigo. Mtumishi wa umma akihamishwa na mwajiri wake hulipwa gharama za uhamisho. Akiomba kuhama mwenyewe, anajigharamia. Sasa sisi mafundi cherehani mwajiri wetu nani? Ni hivi vidole kumi, na havijawahi kumlipa mtu posho ya uhamisho.

Kibaya zaidi ulikuwa msimu wa pamba. Kishapu ni nchi ya pamba, na ununuzi ukishapamba moto malori hayana habari na makabati ya watu, yanakimbizana na magunia ya kupeleka kwenye viwanda vya kuchambulia. Mwenye fuso wa kwanza akanitajia 600,000 bila hata kupepesa macho. Nikazungukazunguka madukani mpaka nikampata dereva wa kenta aliyeleta bidhaa kutoka Mwanza na alikuwa anarudi tupu. Tukaelewana 350,000 mpaka Geita. Shika hilo, msomaji: gari linalorudi tupu ndilo gari lako. Usiulizie kwa dalali, ulizia dukani mzigo unaposhushwa.

Mshiko niliutoa wapi? Hapo ndipo penye utamu na uchungu wake. Tulikuwa wanawake kumi kwenye upatu, kila mmoja 40,000 kwa mwezi. Zamu yangu ilikuwa ya tano, ikaangukia Agosti hiyo hiyo. Nikapokea 400,000 pamoja na yangu. Kwa hesabu ya haki nilibakiwa na deni la miezi mitano, yaani 200,000. Kwenye daftari langu, msomaji, kijiko kilikuwa na mstari wake. Deni hilo halikuwa na mstari.

SHOGA AKANIPA USHAURI

Shoga yangu mmoja aliyekwisha kuhamia Geita akanipigia. "Weee, usitangaze! Ukitangaza watu watakutia mkosi. Hama usiku, waamke wakute kufuli." Nikaona amenena. Nia ya kulipa nilikuwa nayo, haki ya Mungu. Nilipanga kuwatumia kwa simu kila mwezi. Lakini nia ilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu ndicho kilichokuwa kinahama.

Basi nikawa nafunga virago mlango umefungwa. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tangu Juni 1 mwaka huo, hivyo nikanunua sandarusi kumi na mbili, kila moja nikaiandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito: JIKO, NGUO, VIATU. Sahani nikazivingirisha moja moja kwa magazeti (samahani mhariri), nikazisimamisha wima ndani ya ndoo, maana sahani ikilala ndiyo inapasuka. Glasi nikazivisha soksi. Kitanda nikakifungua, nati na boliti zake nikazitia kwenye soksi nyingine, nikaifunga kwenye ubao wa kichwani. Boliti moja ikipotea, usiku wa kwanza mnalala chini.

Na nikatenga kapu la usiku wa kwanza: unga, chumvi, mafuta, kiberiti, sufuria moja, sahani mbili, tochi, sabuni, shuka na chandarua. Kapu hilo halipandi nyuma na mzigo. Linakaa mbele, miguuni pako. Ukifika saa nne usiku huna nguvu za kufungua sandarusi kumi na mbili kutafuta kiberiti.

Kwa mipango hiyo nilijiona mjanja kweli kweli. Hata mzee mwenye nyumba nilimwambia jioni ya mwisho tu, tena nusunusu, kwamba "nasafiri kidogo".

ALFAJIRI YA AIBU

Kenta ikaja saa kumi alfajiri, taa zimezimwa kama tulivyokubaliana. Vijana watatu wa kubeba wakaanza. Utingo alikuwa anajua kazi yake: kabati na vitu vizito kwa mbele, karibu na kichwa cha gari, sandarusi katikati, vyepesi juu, godoro mwisho. Kinachotangulia kushuka ndicho kinachopakiwa mwisho. Kila kitu kilikwenda kama maji.

Kumbe utingo huyo huyo jana yake alikuwa amepita sokoni anauliza, tena kwa sauti: "Yule fundi cherehani anayehamia Geita anakaa wapi?" Na alimwuliza nani? Muuza nyanya. Na muuza nyanya alikuwa nani? Mwenyekiti wetu wa upatu!

Saa kumi na moja na nusu nikawaona. Wanawake tisa, kanga mabegani, wanakuja polepole. Hakuna aliyepiga kelele. Wakafika, wakakaa chini mbele ya tairi za gari, wakanyoosha miguu.

"Wangaluka, mayu," mwenyekiti akanisalimia. "Tumesikia unasafiri. Tumeona si vizuri uondoke bila kusindikizwa."

Jamani, maneno matamu yanaweza kukata kama wembe! Dereva akazima injini. Mimi nikaanza kuhara maneno: nilikuwa nitume kwa simu, nilikuwa nipige nikifika, mambo yalikuwa mengi. Mmoja wao, aliyekuwa na zamu ya kumi, akaniangalia tu. Zamu yake ilikuwa Januari, na kila mtu kwenye kikundi alijua fedha ile ni ya sare na madaftari ya binti yake wa kuingia kidato cha kwanza. Nikikimbia mimi, anayeumia si mwenyekiti. Ni yule mtoto.

Na ili aibu itimie, jirani yangu akanyoosha kidole juu ya gari. "Ile ndoo ya bluu," akasema, "si ndiyo yangu iliyopotea?"

MZEE NA MLANGO WAKE

Makelele ya ukimya yale yakamwamsha mzee mwenye nyumba. Akatoka na fimbo yake, akaangalia gari, akaangalia wale wanawake, akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, una barua?"

"Barua gani, babu?"

"Ya kitongoji. Huku Usukumani gari lenye godoro usiku bila barua ni la mwizi. Ungefika wapi?"

Hapo alikuwa anasema kweli. Sungusungu walizaliwa huku huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo watu wa doria wakikuta vyombo vya ndani vinasafirishwa gizani lazima waulize vinatoka wapi na kwa ruhusa ya nani.

Akaketi kwenye kiti ambacho tayari nilikuwa nimekiuza. Akasema: "Mwaka 1974 lori lilikuja kwetu asubuhi. Operesheni ya vijiji. Mwalimu alikuwa ameshasema kuishi vijijini ni lazima, hatukuulizwa. Jioni tulikuwa mahali pengine, chini ya mti. Unajua nilibeba nini? Mlango. Nilisema nikiwa na mlango nitajenga nyumba nyuma yake. Lakini nilikuwa na deni la mbuzi kwa jirani yangu, na yeye alipelekwa kijiji kingine. Nilimtafuta miaka miwili nimrudishie mbuzi wake. Watu walikuwa wanasema nimefaidika na operesheni."

Akanyamaza kidogo. "Sisi tulinyimwa siku ya kuaga. Wewe umepewa mwezi mzima, unaikimbia?"

Nikalia, msomaji. Sioni haya kusema. Nililia mbele ya utingo.

Mzee akamtuma kijana kumwita mwenyekiti wa kitongoji. Yakaandikwa makaratasi mawili juu ya boneti ya kenta. La kwanza ni barua ya kunitambulisha niendako. La pili ni makubaliano: cherehani yangu inabaki kwa mwenyekiti wa upatu, haitumiwi na mtu, haiuzwi, mpaka nimalize 200,000. Cherehani ndiyo iliyokuwa inanilisha. Nilipoona inashushwa, ni kama nimeshushwa mimi. Lakini nilijua ndicho kitu pekee nilichonacho ambacho wale wanawake wangeweza kukiamini.

Ndoo ya bluu nayo ikashuka.

SAFARI NA MALIPO

Tuliondoka saa mbili asubuhi, jua limetoka, watu wanapunga mikono. Kolandoto, Maganzo, Hungumalwa, Misungwi mpaka Usagara, kisha tukakata kushoto kwenda Kigongo. Wakati ule hapakuwa na daraja. Ni foleni ya kivuko, jua utosini, godoro juu ya gari linapigwa na vumbi. Tukavuka hadi Busisi, tukapita Sengerema, tukaingia Geita usiku. Kapu la usiku wa kwanza likafanya kazi yake. Tulikula ugali na mafuta na chumvi, tukacheka.

Mume wangu akazungusha macho chumbani. "Cherehani iko wapi?"

Nikamwambia ukweli wote, mwiko mkononi. Alikaa kimya muda mrefu, akasema: "Oktoba nitalipa mimi." Basi. Wanaume wengine barua zao za mapenzi ni fupi.

Miezi mitano nilishona kwa cherehani ya kukodi kibarazani kwa fundi mwingine, nusu ya mapato yake, nusu yangu. Septemba nikatuma, Oktoba akatuma yeye, Novemba, Desemba, na Januari 2020 nikamalizia. Wiki ile ile cherehani ikaletwa kwa basi, imefungwa kwa kanga mpya ambayo si yangu. Ndani ya droo kulikuwa na karatasi: "Mtoto ameanza shule."

SASA WEWE UNAYEFUNGA VIRAGO

Mpenzi msomaji, gari utapata, sandarusi utapata, boliti ukipoteza utanunua nyingine. Lakini kwenye daftari lako ongeza mstari wa nne, tena uuweke juu kabisa: watu. Nani ananidai, nani namdai, kitu cha nani kimo ndani mwangu, nani nimuage. Anza na huo wiki tatu kabla ya gari. Deni usiloweza kulipa lote, liseme kwa mdomo na uliwekee karatasi na shahidi. Chukua barua mchana, pakia mchana, ondoka mchana. Hao wanaokuambia uhame usiku hawatakuwepo ukisimamishwa njiani.

Siku hizi safari ile imekuwa rahisi. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na pale tulipokaangwa na jua mtu anapita kwa dakika chache. Baada ya kufunguliwa, mwenyekiti wetu wa upatu alikuja kunitembelea Geita na mfuko wa michembe. Nilimpokea stendi.

Alikuwa ameibeba ndani ya ndoo ya bluu. "Jirani yako amesema umkumbuke," akasema, "lakini ndoo nirudi nayo."