Namba Zilizokosekana

Wenzangu wengi wa Kidato cha Kwanza wakiona swali la namba lenye mapengo huanza kubahatisha. Hujaribu tano, hujaribu sita, hufuta, hujaribu tena, mpaka saa ya mtihani inakwisha. Napenda kueleza njia iliyo fupi, kisha nieleze jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko njia yenyewe, yaani ni wakati gani tuna haki ya kujaza pengo, na ni wakati gani hatuna.

Chukua namba hizi: 7, —, —, —, 31. Tumeambiwa kwamba zinapanda kwa hatua zilizo sawa. Kwanza, tafuta tofauti ya namba mbili tunazozijua: 31 toa 7 ni 24. Pili, hesabu hatua, wala usihesabu mapengo. Mapengo ni matatu, lakini hatua ni nne, kwa sababu kutoka pengo la mwisho kufika 31 ni hatua pia. Asiyesadiki na asimamishe nguzo tano za ua, ataona nafasi baina yake ni nne. Tatu, gawanya 24 kwa 4, upate 6. Basi namba zilizokosekana ni 13, 19 na 25. Ongeza 6 juu ya 25. Ukipata 31, kazi yako ni sahihi. Agawanyaye kwa mapengo hupata 8, naye hujikuta amekwisha fika 31 katika pengo la tatu, na 31 yenyewe ingali mbele yake. Namba zikiwa zinashuka, njia ni ile ile, ila badala ya kuongeza tunatoa.

Labda mtu atauliza, hesabu hii yafaa nini nje ya darasa? Wakati wa likizo nilimtembelea shangazi yangu, auzaye ndizi katika soko la Tengeru. Baada ya kupokea shikamoo yangu alisema, "Mwanangu, wewe umesoma, niangalizie daftari hili." Alikuwa amekopa shilingi 600,000 kwa mfanyabiashara mmoja, wakapatana alipe kiasi kilicho sawa kila mwezi, na kila alipapo, mkopeshaji aandike deni lililobaki. Daftari lilinyeshewa na mvua. Mstari wa kwanza ulisomeka, 600,000. Mstari wa tano ulisomeka pia, 360,000. Mistari mitatu ya katikati ilikuwa wino mtupu. Sasa mkopeshaji alidai kwamba katika miezi ile minne shangazi alilipa mara mbili tu, shilingi 60,000 kila mara.

Nilitoa 360,000 katika 600,000, nikapata 240,000. Hatua ni nne, kwa hiyo kila hatua ni 60,000. Mistari iliyofutika ilikuwa 540,000, 480,000 na 420,000. Kama angalilipa mara mbili tu, deni lingalibaki 480,000, wala mkono wa mkopeshaji mwenyewe usingaliandika 360,000. Tulimwendea pamoja na mjumbe wa mtaa, tukamwonyesha kwa upole, naye akakubali. Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini angalieni vizuri. Namba mbili zilizosomeka zilithibitisha kwamba shilingi 240,000 zimelipwa, basi. Hazikuthibitisha kwamba kila mwezi zililipwa 60,000. Pengine mwezi mmoja ungaliweza kuwa 100,000 na mwingine 20,000. Lililotupa haki ya kujaza mistari ile mitatu ni patano lao la kulipa sawasawa. Pasipo patano au kanuni, kujaza pengo ni kubuni.

Mfano wa jambo hili tunao katika historia ya nchi yetu. Tangu mwaka 1965, Uchaguzi Mkuu wa Tanzania umefanywa kila baada ya miaka mitano. Ukiona 1985, —, 1995, utasema 1990, nawe utakuwa umesema kweli, kwa kuwa hatua zake ni sawa. Sasa tazama miaka ya Sensa ya Watu: 1988, —, 2012. Tofauti ni 24, hatua ni mbili, kila hatua ni 12. Kwa hiyo utaandika 2000. Hesabu yako haina kosa, lakini jibu si la kweli, kwani sensa ile ilifanywa mwaka 2002. Tangu Muungano, sensa zimefanywa miaka ya 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hatua zake ni 11, 10, 14, 10 na 10. Hazilingani, basi njia yetu haina kazi hapo. Yatupasa kufungua kitabu na kusoma.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu kujiuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: ni nani au ni kitu gani kilichosema kwamba hatua hizi ni sawa? Katika mtihani, swali lenyewe husema. Katika daftari la deni, patano husema. Pasipo msemaji, acheni pengo liwe pengo, mkatafute habari.

Kwa wapendao kujaribu, hili hapa swali la mlima wetu Meru. Kwa wastani, hewa hupoa kwa kiasi kilicho karibu sawa kila tupandapo mita 1,000. Tuseme kwamba mita 1,400, hapa mjini Arusha, joto ni digrii 20, na mita 4,400, karibu na kilele, ni digrii nusu. Tafuteni joto la mita 2,400 na la mita 3,400. Kisha semeni: kama mpanda mlima akifika mita 3,400 siku ya mawingu na upepo, je, aliamini jibu lenu, au avae koti?