Wazee wa Bumula waulizwe kwa lugha yao

Tuseme yupo nyanya mmoja wa Bumula, katika Kaunti ya Bungoma, aliyelea wana na wajukuu bila kukosea jina la yeyote. Siku moja aanza kumwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyefariki zamani. Baada ya miezi atoka nyumbani usiku wa manane akidai kwamba anarudi kwa baba yake. Majirani watasema nini? Wapo watakaosema kwamba ni uzee tu. Wapo pia watakaonong'ona kwamba amerogwa, au kwamba mrogi ni yeye mwenyewe. Minong'ono ya aina hiyo si ya kupuuzwa. Mwezi wa Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa na kuchomwa huko Marani, Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi.

Maradhi haya yana jina. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyepoteza kumbukumbu, na baadaye ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 1993 wanasayansi wa Marekani walitambua kwamba aina moja ya jeni iitwayo APOE, yaani ile aina ya e4, huongeza hatari ya kuugua. Miongoni mwa Wazungu, aliyerithi e4 kutoka kwa mzazi mmoja hatari yake huongezeka takriban mara 3. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, hatari hiyo yaweza kufikia mara 12.

Je, ni hivyo kwetu pia? Hapa ndipo hadithi inapogeuka. Tangu mwaka 1992, wataalamu wa Ibadan, Nigeria, na wenzao wa Indianapolis, Marekani, waliwalinganisha wazee wa Kiyoruba na Wamarekani weusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kila mwaka asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan walipata ugonjwa huo, ilhali Indianapolis walikuwa asilimia 2.52. Aidha, e4 haikuwa na nguvu kubwa kwa Wayoruba. Hapa Afrika Mashariki, wanasayansi wa Kenya na Tanzania wakishirikiana na Profesa Raj Kalaria waliripoti katika miaka ya 1990 kwamba e4 si haba kwa wazee wetu, wagonjwa na wasio wagonjwa. Uchunguzi mwingine wa wazee wa Nyeri, uliochapishwa mwaka 2010, haukuona uhusiano kati ya e4 na upotevu wa kumbukumbu.

Kwa hiyo, linalosemwa juu ya damu ya Mzungu haliwezi kuchukuliwa likavishwa Mwafrika kama kanzu ya kuazima. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa mwaka 2022, uliotaja sehemu 75 za urithi zinazohusiana na ugonjwa huu, ulitegemea watu wenye asili ya Ulaya. Dawa zitakazotokana na maarifa hayo zitamfaa nani? Ni jambo la kutia moyo kwamba miradi mipya ya ushirikiano sasa inawatafuta wazee katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo.

Lakini mimi ni mwanaisimu, nami naona kizingiti ambacho maabara haiwezi kukiondoa. Kabla ya kuchukua damu, mtafiti humpima mzee kumbukumbu. Akimwuliza leo ni tarehe ngapi, au akimwambia achore saa ya ukutani, atakuwa amepima kitu gani kwa mtu asiyewahi kuingia darasani? Atakuwa amepima elimu, si akili. Watafiti wa Indiana walilitambua hilo, wakatunga maswali yanayofuata maisha ya watu, kwanza kwa Wacree wa Kanada, kisha kwa Wayoruba. Kwa nini yasitungwe vivyo hivyo kwa Lubukusu?

Chukua suala la umri, ambalo ndilo msingi wa utafiti huu. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Lakini Wabukusu wana marika manane, Bachuma na Basawa yakiwa miongoni mwayo, na tohara yao hufanywa katika miaka ya shufwa. Mzee ajuaye rika lake ana kalenda yake. Mama naye aweza kuulizwa alikuwa na kimo gani risasi zilipolia Malakisi mwaka 1948. Tena jamii hii haioani ndani ya ukoo mmoja, na mzee mashuhuri anapozikwa, omuswali husimama akasimulia vizazi. Mtaalamu wa urithi atapata wapi hazina kubwa kuliko hiyo?

Kisha kuna ridhaa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Ni vyema. Lakini mzee akiambiwa tu kwamba "tunataka damu yako", ameridhia nini? Damu kwetu ni ukoo, ni kiapo, ni laana. Aelezwe kwa lugha yake ni kitu gani kitakachotafutwa ndani yake, kitahifadhiwa wapi, na nani atarudi kumpa majibu. Alama ya kidole gumba juu ya karatasi ya Kiingereza si ridhaa.

Kazi hii si ya madaktari peke yao. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko hapo hapo Bungoma. Wanafunzi wa Kiswahili na isimu wanaotafuta mada za tasnifu waende vijijini wakusanye maneno ambayo wazee hutumia kwa usahaulifu, urithi na akili. Walimu nao wawaeleze wanafunzi kwamba nyanya anayepotea njia ni mgonjwa, wala si mchawi.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Hata hivyo, si kila asemaye husikilizwa. Wazee wa Bumula hawajaficha neno. Ni sisi wasomi ambao hatujawauliza kwa lugha wanayoielewa.