Mvinyo wa Ziwa Caldaro na somo kwa wakulima wa Mara

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MKULIMA wa Bunda akishapima pamba yake kwenye mizani, biashara yake inaishia hapo. Nyuzi, mafuta ya kula na mashudu ni faida ya wengine. Mwenzake wa Butiama anayeuza udaga kwa gunia, na wa Musoma anayeuza samaki wabichi mwaloni, wako katika hali hiyo hiyo.

Je, mwenye ekari mbili anaweza kumiliki kiwanda? Peke yake, hawezi. Lakini kaskazini mwa Italia, kwenye milima ya Alps, wapo wenye mashamba madogo kama yetu wanaomiliki viwanda kwa zaidi ya miaka 100.

Huko kuna ziwa dogo liitwalo Caldaro. Kando yake hulimwa zabibu aina ya Schiava, inayotoa mvinyo mwekundu mwepesi, wa rangi hafifu, unaonywewa ukiwa umepoa kidogo. Ni kinywaji cha mezani cha watu wa kawaida. Chama cha ushirika cha hapo, Kellerei Kaltern, kina familia zaidi ya 500, na kwa wastani shamba la familia halizidi hekta moja, yaani ekari mbili na nusu hivi. Katika jimbo lote la Alto Adige, vyama vya ushirika hutengeneza takriban asilimia 70 ya mvinyo.

Siri yao iko wapi?

Kwanza, mwanachama hupeleka zabibu zake zote kwenye kiwanda cha chama. Hauzi pembeni kwa walanguzi. Pili, mzigo hupimwa uzito na kiwango cha sukari, na mwenye zabibu bora hulipwa zaidi. Tatu, malipo hutolewa kwa awamu, kadiri mvinyo unavyouzwa.

Soko nalo hufuatwa kwa karibu. Wanywaji walipoanza kuikimbia Schiava, vyama viliwaongoza wanachama kung'oa sehemu kubwa ya mizabibu hiyo na kupanda aina nyingine. Kilichobaki kinatengenezwa kwa uangalifu zaidi.

Linganisha na Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wakulima wengi huko hutegemea wanunuzi wachache, na zabibu huharibika upesi. Mwenye mzigo unaooza hana ubavu wa kukataa bei.

Ushirika si mgeni kwetu

Kanda ya Ziwa iliwahi kupita njia hii. Mwaka 1955 wakulima wa pamba waliunganisha vyama vyao katika shirikisho la Victoria, chini ya Paul Bomani, na wakafikia kumiliki viwanda vya kuchambua pamba. Mei 14, 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ilivirejesha, lakini biashara huria ya pamba ilipoanza mwaka 1994, vingi vilikuwa na madeni na havikuweza kushindana na wanunuzi binafsi.

Kwa hiyo, kabla ya kuota kiwanda, mwanachama wa AMCOS aanze na mambo yaliyo mikononi mwake. Je, pamba safi na pamba fifi zinalipwa tofauti, au anayemwagia maji na mchanga anapata sawa na mwenzake? Mizani imekaguliwa? Hesabu zilizokaguliwa zimesomwa kwenye mkutano mkuu, na deni la chama linajulikana kwa wote?

Hatua ndogo zifuate. Wakulima wa mihogo wanaweza kuchanga mashine ya kusaga na kuuza unga uliofungashwa badala ya udaga. Gharama za umeme, vifungashio na usafiri zipigiwe hesabu kwanza, kwani kiwanda kisicho na soko ni mzigo mwingine.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wenzetu wa Caldaro wana daftari, nasi tuanze na letu msimu huu.