Upanga wa Adam Umetoka Wapi?
Katika He-Man and the Masters of the Universe, katuni ya Marekani yenye vipindi 130 (1983–1985), Mwanamfalme Adam huchomoa mgongoni upanga ambao muda mfupi kabla haukuonekana. Wapo wanaosema kukagua makosa ya namna hii ni kuwaharibia watoto utamu. Sikubali. Studio ya Filmation, iliyotengeneza katuni hiyo, ilibana gharama kwa kurudia picha zilizokwisha kuchorwa, na katuni za enzi hizo zilipakwa rangi kwenye plastiki angavu zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Tabaka moja likisahaulika, mkanda au silaha hutoweka. Kosa hilo hufichua kazi ilivyofanyika, nalo linasameheka. Lisilosameheka ni la hadithi: mhusika kusahau alichokwisha kukijua. Mtazamaji, simamisha picha, linganisha, kisha amua kama aliyeteleza ni mchoraji au mwandishi.