Ua Likitoka Jasho: Niliyojifunza Kuhusu Mawaridi Nikiwa Atachimenti Naivasha

Makomredi, wengi wetu hukutana na waridi mara moja tu kwa mwaka. Ni tarehe 14 Februari, bei imepanda, na mtu anasimama pale getini akichagua lile ambalo halitamwaibisha jioni. Mimi pia nilikuwa hivyo, hadi nilipoenda atachimenti ya miezi mitatu kwenye shamba moja la maua huko Naivasha. Siku hizi nikishika waridi, kwanza nafunua petali za nje nitafute madoa. Tabia hiyo nilifundishwa na kosa langu mwenyewe. Acha niwaeleze kosa lenyewe, na sayansi iliyo nyuma yake, kwa sababu kuna wenzetu wa kilimo, biolojia na hata biashara watakaopelekwa huko muhula ujao.

Adui ni nani?

Anaitwa Botrytis cinerea, lakini shambani kila mtu husema botritisi tu. Ni ukungu wa kijivu, uleule unaooza stroberi kwenye friji na nyanya zilizokaa sana sokoni. Hushambulia aina zaidi ya 200 za mimea. Mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba huzioni kwa macho, na hupeperushwa na upepo. Huzaliwa kwa wingi kwenye majani yaliyokufa, maua yaliyooza na vipande vya matawi vilivyoachwa chini ndani ya grinihausi.

Ujanja wake ni subira. Mbegu hutua juu ya petali waridi likiwa bado shambani, halafu hutulia. Ua huvunwa likiwa safi kabisa. Mkaguzi hulitazama haoni kitu. Siku kadhaa baadaye, likiwa ndani ya boksi, petali zinatokeza vidoa vidogo kama mabaka ya usoni, vidoa vinageuka kahawia, kisha petali inalainika na kuoza. Ua lililoambukizwa pia hutoa gesi ya ethilini kwa wingi zaidi, na gesi hiyo ndiyo inayolizeesha ua haraka.

Kitu ambacho mbegu inangojea ni maji. Si lazima yawe mengi. Tabaka jembamba la unyevu juu ya petali, likikaa kwa saa kadhaa, linatosha kuifanya iote na kupenya. Hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 90 hivi nayo huipa nafasi nzuri. Na msidhani baridi inaiua. Kwenye nyuzi 2 ukungu huu hukua polepole sana, lakini haufi. Chumba cha baridi huununulia ua muda tu.

Siku niliyoona baridi ni kali

Wiki yangu ya tano nilipewa kazi ya kuhesabu mashada ndani ya chumba cha baridi kabla hayajafungwa. Mle ndani ni kati ya nyuzi 2 na 4. Mimi mtoto wa joto nilivumilia dakika kumi, vidole vikaanza kugoma. Nikajiambia, kwani shida iko wapi? Nikasukuma troli mbili nje hadi ukumbi wa kupanga maua, nikahesabu pale taratibu. Chai ikaja. Tukapiga stori. Niliporudisha troli zile, saa nzima ilikuwa imepita. Nikaona petali zina umande kidogo, nikafikiri ni uzuri. Hata picha nilipiga.

Jioni ile mashada yale yalifungwa kwenye maboksi yakaondoka kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kutoka hapo Uholanzi.

Shamba lile, kama mengi, huweka sampuli za kila mzigo kwenye chumba cha majaribio, zikiwa zimefungwa kwa hali inayofanana na ya safarini. Siku ya nne sampuli za mzigo wangu zilikuwa na madoa. Siku ya sita ikaja barua pepe ya mnunuzi, na picha. Hakuwa tayari kulipia maboksi yale.

Kila shada huwa na namba ya aliyelipanga. Namba ya mashada yale ilikuwa ya mama mmoja ambaye sisi vijana tulimwita Mathe, ndiye aliyenifundisha kushika waridi bila kuchomwa. Aliitwa mbele yetu sote. Akaambiwa hakukagua vizuri, na kwamba bonasi yake ya ubora mwezi ule ilikuwa mashakani. Alijibu kwa sauti ya chini, "Mimi nilikagua. Hayo madoa hayakuwako."

Nilinyamaza. Nilijua, na nikanyamaza. Nilikuwa nikifikiria fomu yangu ya tathmini itakayorudi chuoni.

Chakula cha mchana kilinishinda. Saa nane nikaenda kwa supavaisa nikamweleza kuhusu troli mbili na ile saa nzima. Alikaa kimya, kisha akachukua kipande cha katoni na kalamu.

Hesabu ya jasho

"Ukitoa soda kwenye friji ukaiweka mezani, inakuwaje?" aliniuliza. Inatoka jasho. Jasho lile halitoki ndani ya chupa. Ni mvuke wa hewa ya nje uliogusa kitu baridi ukageuka maji. Waridi la nyuzi 3 likiingia kwenye ukumbi wa nyuzi 22 linafanya vivyo hivyo, na maji yanajificha hadi katikati ya petali mahali ambapo upepo haufiki. Halafu mimi nikalirudisha kwenye baridi, ambako maji hayakauki upesi, likafungwa kwenye plastiki na boksi. Nilikuwa nimeiandalia botritisi kitanda na blanketi.

Alinieleza pia kwamba kosa halikuwa langu peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile, usiku wa Naivasha ni wa baridi, na grinihausi zilizofungwa zilikuwa zimejaa unyevu. Mbegu zilikuwa tayari juu ya petali. Mimi nilizipa maji.

Kwa hiyo kinga inafanywaje?

Niliandika kwenye daftari langu hatua hizi, na bado ninazo.

Kwanza ni usafi. Majani makavu na maua yaliyooza hutolewa ndani ya grinihausi kila siku. Asubuhi hewa hufunguliwa ili unyevu utoke, na ua lenye maji halivunwi.

Pili ni kasi na baridi isiyokatika. Waridi likivunwa huwekwa kwenye ndoo safi zenye maji yaliyotiwa dawa, kisha hupelekwa kwenye baridi mapema iwezekanavyo. Maboksi yakishafungwa, feni huvuta hewa baridi ipite kwenye matundu yake hadi katikati. Kutoka hapo, kila mlango unaoachwa wazi na kila lori linalongoja juani ni jasho jipya.

Tatu ni kuchovya vichwa vya maua kwenye dawa kabla ya kufunga. Dawa nyepesi ni klorini, ileile ya jiki, kwa kiwango kama cha ppm 200 kwa sekunde 10 hivi, kisha ua likaukishwe vizuri. Klorini huishiwa nguvu haraka maji yakichafuka, kwa hiyo hupimwa na kubadilishwa mara kwa mara. Kali ikizidi inachoma petali, na ikichanganywa na asidi nyingi hutoa gesi ya sumu. Usijaribu haya hosteli.

Nne ni dawa za kuua ukungu zenyewe, kama fludioksonili. Hizi hufanya kazi, lakini botritisi huzaa haraka na kwa wingi, kwa hiyo huzoea dawa upesi. Ukitumia aina moja kila wiki unaifundisha namna ya kuishi nayo. Ndiyo maana mashamba hubadilisha makundi ya dawa. Pia kuna mikono ya watu hapa katikati: anayechovya, anayefunga, na muuzaji wa maua kule Ulaya, wote wanagusa kilichobaki juu ya petali. Glavu si mapambo.

Jambo hili linazidi kuwa zito kwa sababu sasa mawaridi mengine husafiri kwa meli kutoka Mombasa. Kwa ndege ni siku chache, kwa meli ni wiki kadhaa ndani ya kontena. Usafiri wa meli ni nafuu na hutoa hewa chafu kidogo zaidi, lakini mbegu moja iliyopata tone la maji ina muda wote wa kusherehekea.

Mwisho wa kisa

Mathe alipata bonasi yake. Fomu yangu iliandikwa sentensi moja kuhusu troli mbili, na nyingine kwamba nilisema mwenyewe. Nilipoenda kumwomba Mathe msamaha aliendelea kupanga maua, hakuinua kichwa. "Kijana," akasema, "ungeniomba koti tu."

Wewe unayeenda huko muhula ujao, beba koti zito. Na ukiona umande kwenye waridi lililotoka baridi, usipige picha. Mwite mtu.